Mtoto hatulii: umpeleke kwa mtaalamu yupi?

Je, una mtoto asiyeweza kutulia? Umemtuma akafukuze ndege kwenye mpunga, na baada ya dakika chache ameliacha shamba akafuata jambo jingine. Mwalimu analalamika, na fimbo haisaidii. Huenda ana upungufu wa makini na utukutu uliopita kiasi, hali ambayo madaktari huiita ADHD. Si laana wala matokeo ya malezi mabaya.

Lakini nauli ya kutoka Chara si ya kuchezea, na mzazi mwenye pesa za safari moja ana haki ya kuuliza: nimpeleke kwa nani?

Usikimbilie Mombasa. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, aonwe na muuguzi au afisa wa kliniki. Kazi yao hapa ni kutafuta matatizo mengine yanayofanana na ADHD: masikio yasiyosikia vyema, macho mabovu, upungufu wa damu, usingizi usiotosha. Waeleze kama aliwahi kuugua malaria ya ubongo, kwani uchunguzi uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba inaweza kumwachia mtoto kasoro za kumbukumbu na makini. Na kama yeye hukodoa macho kwa sekunde chache bila kusikia akiitwa, usisahau kulitaja hilo. Hicho chaweza kuwa kifafa, nacho kina dawa yake.

Hakuna kipimo cha damu wala eksirei inayoonyesha ADHD. Mtaalamu hutegemea maelezo: kwamba dalili zilianza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu angalau miezi 6, na zinaonekana mahali zaidi ya pamoja. Kwa hiyo kabla ya kusafiri, mwombe mwalimu wa shule, na wa madrasa pia, waandike wanayoyaona. Mtoto anayetulia kote isipokuwa darasani huenda ana shida na darasa lenyewe.

Ikiwa kinachomshinda zaidi ni masomo, ulizia katika ofisi ya elimu kuhusu kituo cha tathmini, EARC. Vituo hivi vilianza nchini mwaka wa 1984, na inasikitisha kwamba wazazi wengi hawavijui. Huko hupimwa jinsi mtoto anavyojifunza, na shule hushauriwa namna ya kumsaidia. Dawa hawatoi.

Dawa ni kazi ya daktari wa watoto au daktari wa magonjwa ya akili. Omba barua ya rufaa hadi hospitali ya kaunti, Hola. Ikibidi, utaelekezwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Neno "akili" lisikutishe: kumwona daktari huyo si kusema mwanao ana wazimu. Mwanasaikolojia naye hupima tabia na kuwafundisha wazazi jinsi ya kumwongoza mtoto, ila haandiki dawa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, mafunzo hayo ndiyo hutangulia.

Yeyote utakayemwona, muulize kama amewahi kuwatibu watoto wa namna hii, na ni nani atakayemfuatilia mwanao karibu na nyumbani. Dawa za ADHD huhitaji uzito, mapigo ya moyo na presha kupimwa mara kwa mara. Mwombe aandike barua ili vipimo hivyo vifanyiwe Garsen, nawe usilazimike kusafiri mbali kila mara.