Oktoba 1: Siku ya Kahawa, Siku ya Wazee

Je, wajua kwamba Oktoba 1 ni Siku ya Kimataifa ya Kahawa? Shirika la Kimataifa la Kahawa liliianzisha mwaka wa 2015. Tarehe iyo hiyo ni Siku ya Kimataifa ya Wazee, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka wa 1991.

Hapa Thika na Ruiru, siku hizi mbili zinakutana. Baadhi ya wazee wetu walichuma kahawa katika mashamba ya walowezi, wakati Waafrika wa eneo hili walizuiwa kupanda yao wenyewe hadi miaka ya 1950. Walipopata ruhusa, ugonjwa wa matunda ya kahawa ukawatia hasara, na dawa ya kunyunyizia ni ghali. Mwaka wa 1985 watafiti walioko Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani.

Oktoba pia ndipo mavuno makuu huanza. Mkulima, chuma matunda mekundu pekee na uyafikishe kiwandani siku hiyo hiyo. Jioni, mwandalie mzee kikombe cha kahawa, naye akusimulie aliyoyaona.