Fomu Isiyo na Jina Yataka Amana

Hapana swali jepesi kuulizwa na zito kujibiwa kama hili: "Wewe ni kabila gani?" Mahali pengine huulizwa kwa mapenzi, mgeni akakaribishwa kikombe cha chai. Mahali pengine huulizwa kwa ghadhabu, mtu akapoteza roho yake. Maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni aulizaye, na lile atakalolifanya kwa jibu alilopewa.

Siku hizi swali hilo limepata mwulizaji mwingine, naye ni karatasi. Wafanyakazi maofisini hupewa fomu iliyoandikwa juu yake kuwa ni ya siri, wakatakiwa waeleze kabila, dini, umri, kama ni mwanamume au mwanamke, na kama wana ulemavu wowote. Leo nataka tuitazame fomu hiyo, nami nitaitazama kutoka Nyamira, katika milima ya Wagusii, mbali na bahari yetu.

Sheria Yataka Hesabu

Nyamira ni nchi ya majani ya chai na migomba, iliyokatwa kutoka wilaya ya Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na ikawa kaunti kwa katiba mpya. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu 605,576, na walio wengi mno ni Wagusii. Ukipita Keroka siku ya soko, au Kebirigo, husikii ila Ekegusii, kama vile apitaye Mji wa Kale wa Mombasa asikiavyo Kimvita.

Sasa sikiliza sheria isemavyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 232, yataka utumishi wa umma uwe na sura ya jamii zote za Kenya. Kifungu cha 27 chataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Kifungu cha 54 chawawekea walemavu angalau asilimia 5 ya nafasi hizo, zitimizwe hatua kwa hatua. Kabla ya hapo, Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilikwisha kukataza idara yoyote ya umma kuwa na wafanyakazi wa kabila moja waliozidi thuluthi. Kisha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 65, ikaagiza kwamba katika nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia, angalau asilimia 30 wapewe watu wasiokuwa wa kabila kubwa la kaunti ile.

Haya yote hayawezi kutimizwa kwa kukisia. Huwezi kujua kama umetoa asilimia 30 ila umehesabu. Ndiyo maana Tume ya Utumishi wa Umma hutoa taarifa kila mwaka juu ya jambo hili, na Tume ya Uwiano na Utangamano ikatoa mwaka 2016 ukaguzi wake wa makabila katika kaunti, ikaonekana kwamba nyingi katika kaunti 47 hazikufikia kiwango. Kwa hiyo anayesema fomu ni upuuzi, asiwe na haraka. Bila ya fomu, mwenye nguvu hubaki na nguvu zake, na mnyonge hubaki akinung'unika pasi na ushahidi.

Wapo makarani wanaodhani ziko njia za mkato. Hulichukua daftari la mishahara wakayasoma majina, kisha wakaandika makabila kwa kukisia. Hebu tujaribu. Onyancha ni kabila gani, na Onyango je? Mtu wa pwani huenda akawatia wote wawili katika kapu moja, kumbe Onyancha ni jina la Kigusii na Onyango ni la Kijaluo, na lugha zao ni mbalimbali kama Kiswahili na Kisomali. Na mwanamke wa Kigusii aliyeolewa na Mkipsigis akachukua jina la mumewe, ataandikwa wapi? Na Hassan aliyezaliwa na kukulia Kisii? Jina lake latuambia dini ya wazee wake, kabila halitwambii. Ukitaka kumjua mtu, mwulize mwenyewe. Hapo tunarudi kwenye fomu.

Khofu Ina Sababu Zake

Lakini watu huiogopa fomu, na khofu yao haikuanguka kutoka mbinguni. Wazee wa nchi hii walivishwa kipande. Sheria yake ilitungwa 1915 na kutekelezwa kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika akalazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, imetiwa katika kijibweta cha bati na kuning'inizwa shingoni. Hesabu ile haikuwekwa kumfaa mhesabiwa. Iliwekwa ili asimtoroke bwana wake. Na hapa Mombasa, watu wa Thenashara Taifa walibishana miaka mingi na Mwingereza kama wao ni "wenyeji" au si "wenyeji", kwani neno lile moja lilibeba kodi na cheo.

Rwanda, Wabelgiji walitia kabila katika vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho vile vile vilitazamwa kwenye vizuizi vya barabarani, na mstari mmoja wa maandishi ukatosha kumhukumu mtu kufa. Baada ya mauaji yale, serikali iliyofuata iliufuta mstari huo.

Watu wa Nyamira nao hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka wa Borabu na Sotik, baina ya Wagusii na Wakipsigis, uliwaka moto. Nyumba zilichomwa, na majirani waliokuwa wakiuziana maziwa na ndizi wakakimbiana. Ile sheria ya 2008 niliyoitaja ilizaliwa katika mwaka ule ule na kwa sababu ya balaa lile lile. Kwa hiyo tunayahesabu makabila kwa kuwa makabila yaliwahi kutuchinjanisha. Ajabu hiyo yataka uangalifu mkubwa kwa wenye kuhesabu.

Binti wa Pwani Ugenini

Nilipokuwa Nyamira nilikutana na binti mmoja wa kwetu, karani katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Alifurahi kusikia lafudhi ya nyumbani, na baada ya kuulizana hali alinitolea fomu kutoka mkobani mwake. Siku tatu alikuwa akitembea nayo.

"Ami," aliniambia, "wamesema hii ni ya siri, na kweli jina hawakuliuliza. Lakini wameuliza idara, na ngazi ya kazi, na umri, na dini, na kabila. Katika idara yetu tu watu kama ishirini, na Mwislamu ni mimi peke yangu, na mtu wa pwani ni mimi peke yangu. Jina langu hawakuliandika, lakini uso wangu wameuandika."

Kisha akanionyesha swali la mwisho: je, umewahi kubaguliwa kazini? Jibu alikuwa nalo. Lakini fomu zilikuwa zikikusanywa mkono kwa mkono na msaidizi wa mkubwa wake, naye ndiye aliyehusika na jibu hilo.

Maneno ya binti huyu yamebeba elimu ambayo wataalamu wa takwimu huandikia vitabu. Kuficha jina si kumficha mtu. Kila swali unaloliongeza ni kama kutupa jarife lenye macho madogo zaidi: kwanza wanabaki ishirini, halafu watano, mwisho anabaki mmoja, na huyo mmoja umemshika hata kama hukumwita kwa jina. Na hapa ndipo penye mgongano. Hesabu ya juu juu haifai kitu, maana ofisi inaweza kujisifu kuwa nusu ya watu wake ni wanawake, kumbe wote ni wafagiaji na wapika chai. Ili ukweli uonekane, lazima jinsia na kabila vipambanishwe na ngazi ya kazi. Lakini kadiri unavyopambanisha, ndivyo mtu mmoja mmoja anavyozidi kuonekana.

Dawa yake ipo, na si ngumu. Anayekusanya asiwe msimamizi wa anayejibu. Fomu ifungwe katika bahasha na mwenye kuijaza, na ifunguliwe mbali. Isitiwe katika jalada la mtu. Kila swali liwe na nafasi ya kusema "sipendi kujibu". Na matokeo yanapotolewa, kikundi chenye watu wachache kisitajwe peke yake, bali kiunganishwe na vingine. Juu ya haya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeziweka habari za kabila, imani, afya na ndoa katika daraja ya habari nyeti, na yuko Kamishna wa kupelekewa mashtaka.

Binti aliniuliza, "Sasa niirudishe tupu, Ami?" Nikamwambia, "La, mwanangu. Kwanza uliza inakwenda kwa nani." Akauliza. Haukupatikana jibu siku ile, lakini kesho yake zililetwa bahasha. Alijaza yote isipokuwa mstari wa idara, akaupiga kistari, akaifunga bahasha kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimshauri hivyo kwa sababu asiyehesabiwa hana fungu. Sisi wa pwani twalijua hilo. Wamakonde waliishi Kwale miongo mingi kabla ya kutambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, na Wapemba wa Kwale na Kilifi wakangoja hadi 2023. Miaka yote hiyo walivua, walilima, walizaa na kuzikana humu humu, na kwa kuwa daftarini hawamo, kitambulisho hawakukipata. Fomu yaweza kumdhuru mtu kwa kumtaja, na yaweza kumdhuru kwa kumsahau.

Yale Ambayo Fomu Haiulizi

Mzee mmoja wa Kigusii niliyekunywa naye chai alicheka nilipomweleza habari za asilimia 30. "Mzee mwenzangu," alisema, "hapa hata ukileta watu wa makabila yote ya Kenya, ugomvi wetu utabaki. Sisi twaulizana ukoo." Kweli, Wagusii wana koo kubwa: Abagetutu, Abagirango, Abanyaribari, Abamachoge, Ababasi na Abanchari, na majimbo ya uchaguzi ya huko yamebeba majina hayo: Kitutu, Mugirango, Bomachoge. Katika Nyamira, mtu aliyekosa kazi hulalamika kuwa wamechukua watu wa upande fulani, na fomu iliyotungwa Nairobi itawaandika wote "Kisii", ikapita zake. Hatushangai. Fomu hiyo hiyo ikija kwetu itaandika "Mswahili", isijue tofauti ya Mvita, Mbajuni na mtu wa Vumba.

Wako pia wanaojificha wenyewe. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuugua akili, huona ni bora afe na siri yake, ijapokuwa sheria ya kodi tangu 2010 yamsamehe mlemavu aliyesajiliwa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi. Mtu kuiacha nafuu kama hiyo kwa kuogopa macho ya wenzake, ni dalili kwamba ugonjwa haumo mwilini mwake tu, umo ofisini pia.

Aya Mbili Jirani

Tuliopita chuoni twaijua Sura ya Al-Hujurat. Aya yake ya 13 ndiyo itajwayo mikutanoni kila yanapozungumzwa makabila: kwamba Mwenyezi Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mwenye kumcha zaidi. Lakini wachache huitazama aya iliyoitangulia, ya 12, ambayo yakataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Mimi naona ujirani wa aya hizo mbili watosha kuwa kanuni ya kila mwenye kuandaa fomu. Kujuana kumeruhusiwa, mlango wake ni kuacha kupelelezana. Anayetaka kuwajua wafanyakazi wake awatendee haki, na aulize. Anayetaka kuwajua ili awachonge, huyo ameruka aya nzima.

Na jibu likishaandikwa, limekuwa amana. Amana haina udogo: karatasi moja ya binti mmoja katika mji wa milimani ina uzito sawa na sanduku la dhahabu lililowekwa kwa kadhi. Mkubwa wa ofisi anayeambiwa, "Bwana, hebu tutazame nani aliyeandika hivi," akakataa kutazama, huyo ndiye aliyeifanya fomu kuwa ya siri, kwani yale maneno yaliyopigwa chapa juu yake hayana mikono ya kuifunika.

Nami kwa kuwa ukurasa huu haukatai beti, nawaachia moja:

Ukiulizwa kabila, jibu lako ni amana,
Si la kuchezewa hila, wala la kusengenyana,
Mpokezi akilila, deni lake kwa Rabana,
Hesabu isiyo ila, ndiyo ya kujuliana.