Kipimo Kilichopitia Kilwa

Mwanglikana wa Dodoma akihamishiwa kazi Masasi, Jumapili ya kwanza anaweza kudhani amekosea mlango. Ubani unafuka, waumini wanapiga ishara ya msalaba, ibada inaitwa misa na anayeiongoza ni padre. Kwao alizoea mchungaji, kanzu isiyo na mapambo na mahubiri marefu. Kanisa ni lile lile, Anglikana Tanzania. Kilichotofautiana ni misheni zilizolileta. Dodoma ilihubiriwa na CMS, watu wa mrengo wa kiinjili. Lindi, Masasi na Newala zilihubiriwa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu iliyozaliwa baada ya David Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857, na iliyojaa watu waliotaka kurudisha mengi ambayo Matengenezo ya karne ya 16 yalikuwa yameyafagia nje.

Ndiyo maana swali linalopendwa sana katika mihadhara, kwamba dhehebu lako limetoka wapi na mafundisho yake yako wapi katika Biblia, huku kusini halijibiwi kwa sentensi moja. Huulizwa na Msabato, huulizwa na Mpentekoste, na huulizwa na mhadhiri wa Kiislamu ambaye Biblia yake mara nyingi imechakaa kuliko ya padre.

Wote hao huanzia kwa Henry wa Nane. Mfalme alitaka mke mpya, Papa akakataa, mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa la Uingereza. Ni kweli, wala si habari ya kujivunia. Kinachosahaulika ni kwamba hata Henry alikuja na aya mkononi. Alikuwa amemwoa mjane wa kaka yake, akashika Walawi 20:21 inayokataza. Wapinzani wake wakashika Kumbukumbu la Torati 25:5, inayomwagiza ndugu amrithi mjane. Kwa msomaji wa kwetu mjadala wa kurithi wajane si mgeni, ila kwetu haujawahi kuanzisha kanisa.

Jambo zito zaidi limo katika Kanuni 39 za Imani za Kanisa la Uingereza. Kanuni ya 6 inasema kwamba yote yanayohitajika kwa wokovu yamo katika Maandiko, na lisilosomwa humo, wala kuthibitishwa kwayo, mtu asilazimishwe kuliamini. Basi anayeipima Anglikana kwa Biblia haionei. Anaidai ahadi yake yenyewe.

Lakini kipimo chenyewe kilifikaje pwani hii? Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864, baadaye akawa askofu, na ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiunguja. Miongoni mwa waliomsaidia mwanzoni alikuwa Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mzaliwa wa Barawa, ambaye kabla ya kuwa kadhi Unguja alikuwa kadhi wa Kilwa akiwa bado kijana. Sheikh alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu. Kazi ilikwenda polepole kwa wingi wa shughuli zake, na Steere akaona lugha yake ni ya kisomi mno kwa watu aliowakusudia. Hata hivyo msamiati haukutoka Oxford. Dhambi, toba, imani, sala, nabii, Injili: maneno haya yalikuwa yakisikika kwenye madrasa za pwani kabla misheni haijafika. Mhadhiri anayekosoa Ukristo kwa Biblia ya Kiswahili anatumia chombo ambacho nusu yake ni cha nyumbani kwake.

Kilwa ilichangia na watu pia. Wengi wa watumwa waliouzwa Unguja walitoka nchi za Wayao, Wamakua na za kandokando ya Nyasa, wakapitia Kilwa Kivinje kama shehena. Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873, na mwaka 1876 Steere alishuka Lindi na kundi la waliokombolewa, akielekea Nyasa. Walipofika Masasi hawakuendelea mbele. Makazi yakaanzia hapo. Waliondoka kwa njia ya Kilwa wakiwa mali ya watu, wakarudi kwa njia ya Lindi wakiwa kanisa. Kuhusu utumwa wenyewe, Agano Jipya halina amri ya kuufuta. Paulo anamrudisha Onesimo kwa Filemoni, tena kwa barua ya adabu. Misheni hapo ilikwenda mbele kuliko aya, na sijasikia mhadhiri akiilaumu kwa hilo.

Pale ilipokwama ni kwa askofu. Mwaka 1913 wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, wakajadili ushirikiano, na mwishoni wakashiriki meza ya Bwana pamoja, Waanglikana na wasio na maaskofu. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika hadi Masasi, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Uganda na Mombasa kwa uzushi. Kwake, pasipo askofu hapana kanisa. Kesi ilifika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na kwa jinsi jibu lilivyokuwa la kuzungukazunguka, wenye mzaha wa Uingereza walilifupisha hivi: jambo la Kikuyu lilimpendeza sana Mungu, na lisirudiwe kabisa.

Sasa fungua kitabu. Katika Tito 1, wazee wa mstari wa 5 ndio askofu wa mstari wa 7. Katika Matendo 20, Paulo anawaita wazee wa Efeso, kisha anawapa cheo kile kile kwa Kigiriki. Biblia ya Muungano inatafsiri neno hilo "askofu" katika Tito na "waangalizi" katika Matendo, na msomaji asiye na Kigiriki hawezi kujua kuwa ni neno moja. Cheo cha askofu mmoja juu ya wazee wote ni cha kale sana, lakini kwenye Agano Jipya hakionekani wazi kiasi cha kumwita mwenzako mzushi. Aidha, 1 Timotheo 3 inamtazamia askofu awe na mke mmoja. Weston hakuwa na hata mmoja.

Mwenye mke alikuwepo. Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA, aliliongoza kanisa la Chitangali huku nyumbani kwake kukiwa na mke na watoto. Kwa orodha ya Paulo alifaa. Uaskofu hakupewa. Masasi ilipofanywa dayosisi mwaka 1926, maaskofu wake wanne wa kwanza, kuanzia Vincent Lucas hadi Trevor Huddleston aliyeondoka 1968, wote walikuwa Waingereza. Hapo tatizo halikuwa mafundisho.

Na huyo Lucas ndiye aliyefanya lile ambalo wengi huliona mbali kabisa na Biblia: aliliingiza jando kanisani. Kambi ya porini ilibaki, tohara ilibaki, mafunzo ya utu uzima yalibaki. Yaliyohusu mizimu yakatolewa, padre akaingia na sala. Wenzake waliofungua Wagalatia 5 walikuwa na hoja, maana Paulo anasema wazi kwamba anayetegemea tohara Kristo hatamfaa kitu. Lakini Paulo huyo huyo, katika Matendo 16:3, anamtahiri Timotheo kwa ajili ya Wayahudi wa sehemu zile, mara tu baada ya mtaguso wa Yerusalemu kuamua kwamba si lazima.

Lucas alikuwa na watu wa sehemu zake pia. Jando la Kiislamu lilikuwa likipanda bara kutoka pwani, na kijana wa Kimakua asiyetahiriwa alibaki mtoto mbele ya kijiji kizima, hata awe amekariri katekisimu yote. Kanisa likikataa kambi, wavulana wangekwenda kambi ya jirani. Unyago ulikuwa mgumu zaidi, kwa kuwa siri zake ni za wanawake na padre hana mlango wa kuingilia. Kwa wavulana njia ilipatikana: walikaa porini hadi vidonda vikapona, na siku ya kutoka wakapelekwa kanisani kabla ya ngoma.