Ngalawa au Mashua?

Kijana mmoja wa pwani alituuliza hivi: amekwisha weka akiba ya kumtosha kununua chombo chake mwenyewe, na sasa moyo wake umegawanyika. Babaye amshauri anunue ngalawa, na mjomba wake ataka anunue mashua. Tulimwahidi kumjibu mbele ya watu wote, maana swali hili si lake peke yake, na akiba ya miaka mingi ikizama baharini hairudi kwa kuitwa.

Ninyi mkaao bara, tutawaeleza kwanza vyombo vyenyewe. Ngalawa ni gogo moja lililochimbwa, mara nyingi la mwembe, lenye urefu wa futi 15 hadi 20 na zaidi kidogo, na wembamba wake hauwatoshi watu wawili kukaa bega kwa bega. Chombo chembamba namna hii kikitwekwa tanga peke yake kingepinduka mara moja. Kwa hiyo miti miwili, iitwayo mirengu, hulazwa kukingama juu yake, na katika ncha zake hufungwa matengo, yaani mbao zigusazo maji, moja kuume na moja kushoto. Je, mmepata kumwona mtu avukaye mto juu ya gogo, jinsi anyoshavyo mikono yake asianguke? Ngalawa nayo hufanya vivyo hivyo. Na tengo huwekwa mshazari, hata chombo kikienda mbio maji hulisukuma juu badala ya kulizamisha. Ufundi huu haukutoka Arabuni. Twauona katika visiwa vya Ngazija na Bukini, na mbele zaidi katika visiwa vya mashariki ya mbali walikotoka wazee wa watu wa Bukini, ambao lugha yao hata leo ni ndugu ya lugha za Borneo.

Mashua haichimbwi, bali huundwa. Ina mkuku chini, mataruma ya miti iliyopinda yenyewe, na mbao zilizopigiliwa misumari ya chuma, na mianya yake hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta. Tezi yake imekatwa bapa. Urefu wake waweza kuwa futi 20, waweza kupita 30.

Sasa, kwa mbio ni kipi bora? Vijana hupenda kuuliza hili kabla ya mengine yote. Upepo ukitoka nyuma au ubavuni, ngalawa ni nyepesi na huteleza juu ya maji. Lakini ikipasa kubisha, yaani kuuendea upepo kwa kugeuka huku na huku, ngalawa husukumwa upande, maana haina mkuku wa kushika maji; mashua hushika. Nendeni Lamu siku ya mashindano mkatazame. Mtaona ubao mrefu umetokezwa nje ya mashua upande wa goshi, upande utokao upepo, na mabaharia wamepanda juu yake, miguu ikining'inia juu ya mawimbi. Uzito wao ndio uzuiao chombo kisilale. Wenzao ndani huhamisha mifuko ya mchanga kila chombo kigeukapo. Kazi hiyo yote matengo ya ngalawa huifanya bila kudai mshahara.

Na hapo ndipo penye shauri lenyewe. Ngalawa huendeshwa na watu wawili, hata mmoja akiwa hodari. Mashua hutaka watatu, wanne au zaidi, na kila mmoja atataka fungu lake la samaki, siku ya kupata na siku ya kukosa.

Kwa kulala chomboni, hakuna haja ya kubishana. Wavuvi waendao dago, yaani kupiga kambi mbali na kwao kwa majuma mengi, wakiwa na mashua huweza kulala ndani yake na kupika juu ya sanduku lililojazwa mchanga, na maji na kuni zikapata mahali. Mwenye ngalawa hulala ufuoni, na mvua ikinyesha hujifunika tanga lake.

Tena kuna hatari. Kusi ikivuma kwa nguvu, mwezi wa Juni hata Agosti, mwenye busara haivushi ngalawa nje ya mwamba. Lakini ngalawa ikijaa maji haizami, kwa kuwa ni mti mtupu. Sisi wenyewe tulipata kujazwa maji karibu na mwamba. Tulishikilia mirengu mpaka mawimbi yalipopungua, tukayakumba maji kwa kata, tukarudi nyumbani tumepoteza nyavu tu. Mashua yenye farumi ya mawe ikijaa hivyo, huenda chini pamoja na mawe yake.

Kijana wetu alisema kwamba huvua ndani ya mwamba, pamoja na mdogo wake, na kila jioni hurudi kwao. Mjomba atusamehe, twamwunga mkono baba. Kama angekuwa na wenzi wawili wa kuchanga nao, na nia ya kwenda dago au kuchukua shehena, tungesema vingine.

Ila asinunue kwa kuvutiwa na rangi. Miembe minene imekuwa haba, na wako wauzao gogo lililokwisha liwa na wadudu. Agonge ubavu kwa fimbo tangu omo mpaka tezi, akisikiliza mahali palipo na sauti ya uwazi. Afungue kamba za mirengu atazame chini yake, maana hapo ndipo mti uanzapo kuoza. Kisha chombo kikiwa juu ya mchanga, atie maji ndani, si nje, akazunguke akitazama. Yatokeapo, hapo ndipo pa kupunguzia bei.