Kiendeshi kipi kina kasi? Safari kati ya tovuti na hifadhidata yake

Tarehe 3 Desemba 2015, toleo la 7.0 la lugha ya PHP lilitoka likiwa limeondolewa kitu kilichozoeleka mno miongoni mwa watengeneza tovuti: kiendeshi cha zamani kilichoitwa mysql. Kwa miaka mingi hicho ndicho kilichopeleka maswali ya tovuti kwenye hifadhidata ya MySQL na kurudisha majibu. Tovuti zilizokuwa bado zinakitegemea zilikatika kila seva ilipohamishiwa PHP mpya. Mafundi walioitwa kuzifufua walikuwa na vibadala viwili mbele yao, mysqli na PDO, na wengi waliuliza jambo moja: kipi kina kasi zaidi?

Swali hilo liko hai hadi leo, na haliishii kwa watumiaji wa PHP. Wanaoandika Java na Python hulikuta pia, kila wanapojenga duka la mtandaoni, gazeti au mfumo wa shule. Kulijibu kunahitaji kwanza kujua kiendeshi hufanya kazi gani.

Kiendeshi, au draiva kama mafundi wengi wanavyokiita, ni programu inayokaa kati ya tovuti na hifadhidata. Hufungua muunganisho, huonyesha jina la mtumiaji na nenosiri, hupeleka swali lililoandikwa kwa lugha ya SQL, husubiri majibu, kisha huyageuza kuwa maneno, namba na tarehe ambazo lugha ya tovuti inazielewa. Kila hatua hula muda au kumbukumbu ya kompyuta, na kila kiendeshi kina namna yake ya kuzipitia.

Historia ya PHP inaonyesha jinsi hatua moja tu inavyoweza kuleta tofauti. Kabla ya toleo la 5.3, lililotoka mwaka 2009, viendeshi vyake vilitegemea maktaba ya watengenezaji wa MySQL iliyoandikwa kwa lugha ya C. Maktaba hiyo iliweka majibu katika kumbukumbu yake, kisha PHP ikayanakili tena upande wake, hivyo kila mstari wa majibu ukachukua nafasi mara mbili. Ndipo ikaja mysqlnd, maktaba iliyoandikwa mahususi kwa PHP na inayotumia kumbukumbu ya PHP yenyewe. Mstari ukahifadhiwa mara moja tu. Tangu PHP 5.4 ya mwaka 2012, hiyo ndiyo njia ya kawaida, na inahudumia mysqli na PDO kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo ubishi kati ya viendeshi hivyo viwili unapungua nguvu. Chini yao kuna injini ileile, na kwa swali la kawaida tofauti ya kasi ni ndogo sana ukilinganisha na muda ambao hifadhidata yenyewe hutumia kutafuta jibu.

Gharama kubwa zaidi iko kwenye safari. Mtoto anayetumwa dukani kununua sukari, akarudi, akatumwa majani ya chai, akarudi, akatumwa maziwa, atachelewesha chai hata kama ana mbio kuliko watoto wote wa mtaa. Tovuti nyingi hufanya hivyo hivyo: huuliza orodha ya bidhaa 100, kisha huuliza bei ya kila bidhaa peke yake. Jumla ni maswali 101 mahali ambapo swali moja lingetosha.

Umbali unapoongezeka, hasara huonekana wazi. Mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, hata nyaya zingenyooka kama rula. Tovuti iliyoko Nairobi ikiuliza hifadhidata iliyoko Frankfurt maswali 101, moja baada ya jingine, itapoteza zaidi ya sekunde 6 njiani. Hakuna kiendeshi kinachoweza kuurudisha muda huo.

Viendeshi hutofautiana pia katika namna vinavyoyashughulikia maswali yanayoandaliwa kabla. Katika utaratibu huu, tovuti hupeleka kwanza umbo la swali, kisha data zinazojaza nafasi zilizoachwa wazi. Faida yake kuu ni usalama, kwani maandishi ya mhalifu hayawezi kugeuka amri ya SQL, na kukosa utaratibu huu ni sababu mojawapo ya kiendeshi cha mysql kuachwa. Lakini swali linaloulizwa mara moja tu huhitaji safari mbili: ya kuliandaa na ya kulitekeleza. PDO inapozungumza na MySQL, isipoelekezwa vingine, huiga maandalizi hayo upande wa tovuti, ikapeleka swali zima kwa safari moja. Anayepima PDO na mysqli bila kujua hilo atadhani amelinganisha viendeshi, kumbe amelinganisha safari moja ya PDO na mbili za mysqli.

Kisha kuna gharama ya kufungua muunganisho wenyewe. Mwongozo rasmi wa MySQL unakadiria uzito wa hatua za kuingiza mstari mpya hivi: kuunganisha ni 3, kupeleka swali ni 2, kulichambua ni 2, na kuingiza mstari mdogo ni 1. Kubisha hodi kunagharimu zaidi kuliko kazi iliyokupeleka. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL mzigo ni mkubwa zaidi, kwa kuwa kila muunganisho huanzishiwa mchakato wake kwenye seva, na kikomo cha kawaida ni miunganisho 100.

Dawa yake ni kuweka akiba ya miunganisho iliyo wazi, ikatumika na kurudishwa. Katika Java, kazi hiyo imeipa sifa maktaba ya HikariCP, ambayo mfumo wa Spring Boot 2.0 uliichagua mwaka 2018 kuwa chaguo lake la kawaida. Isipoelekezwa vingine, akiba yake hufika miunganisho 10 tu. Wengi hudhani 500 ingeleta kasi zaidi, lakini vichakato vya seva ni vichache, na miunganisho inapovizidi mno huanza kugombea vichakato na diski badala ya kujibu.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kiendeshi chenyewe huleta mapinduzi. Katika Python, kiendeshi cha asyncpg huzungumza na PostgreSQL kwa mfumo wa jozi, kwa hiyo namba na tarehe hazigeuzwi kwanza kuwa maandishi. Watengenezaji wake wanasema kwamba katika majaribio yao kwa wastani kina kasi mara 5 ya kiendeshi kingine, psycopg3. Kwa mfumo unaovuta maelfu ya mistari kila sekunde, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini tuseme ukurasa huchukua milisekunde 200, na kiendeshi hutumia 5 kati ya hizo. Kasi ya mara 5 itaokoa milisekunde 4, na msomaji hatahisi chochote.

Ndiyo maana jaribio la haki halipimi swali moja dogo kwenye kompyuta iliyotulia. Kila kiendeshi kipewe hifadhidata ileile, mashine ileile na maswali ya kweli ya tovuti husika, watumiaji wengi wakiingia kwa wakati mmoja. Yatazamwe pia maombi yaliyochelewa kuliko yote, kwa kuwa wastani mzuri unaweza kuwaficha wateja waliokata tamaa wakaondoka.

Kwa anayechagua leo kati ya mysqli na PDO, kasi haipaswi kuwa kigezo cha kwanza. PDO inamfaa anayetarajia kubadili hifadhidata siku za mbele; mysqli inamfaa aliyeamua kubaki na MySQL na anayetaka kila kipengele chake. Kabla ya kubadili kiendeshi, hesabu maswali ambayo ukurasa mmoja wa tovuti yako huuliza, na uanze kwa kuyapunguza.