Kufuli Dhaifu Si Ruhusa: Amri ya Saba na Michezo ya Kompyuta

Katika mikutano ya vijana tumeulizwa mara nyingi: je, ni dhambi kucheza gemu la kunakili bila kulipa, ilhali mwenyewe hakupungukiwa na kitu? Swali hili lastahili jibu kamili.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Michezo hii huchezwa ama kwenye mashine maalumu kama PlayStation, ama kwenye kompyuta ya kawaida. Mashine maalumu hutawaliwa na kampuni iliyoitengeneza. Katika PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, diski halali ilikuwa na mawimbi madogo ambayo vifaa vya kawaida vya kunakili havikuweza kuyaandika. Mashine isipoyasoma, ilikataa mchezo. Ndipo watu wakabuni chipu ya kulehemiwa ndani yake, ili idanganyike kwamba nakala ni diski halali. Mashine za siku hizi hukagua sahihi ya kidijitali kabla ya kufungua mchezo, na iliyochezewa yaweza kufungiwa isiingie mtandaoni.

Kompyuta ni kinyume chake. Mwenye kompyuta ndiye bwana wake. Aweza kuichunguza na kuibadili programu yoyote iliyomo. Hapo kufuli hufungwa ndani ya nyumba ya yule yule anayetaka kulivunja. Ulinzi uitwao Denuvo, unaotumika tangu mwaka 2014, umewachelewesha wavunjaji, lakini mara nyingi haukuwazuia. Kwa hiyo wengi huona kunakili kwenye kompyuta kuwa jambo dogo, kwa sababu tu ni rahisi.

Hapo ndipo dhamiri hupotoka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, yafundisha kuwa wizi ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha matakwa yake ya haki. Haisemi lolote juu ya uimara wa mlango. Shamba lisilo na ua lina mwenyewe.

Nakala haimwondolei mtunzi mchezo wake, ni kweli. Lakini yamnyima ujira. Eric Barone wa Marekani alitengeneza mchezo wa Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne, ukatoka mwaka 2016. Mchezo huo huuzwa pia na duka la GOG la Poland, ambalo tangu mwaka 2008 huuza michezo isiyo na kufuli lolote. Anayeununua huko aweza kuwagawia rafiki zake wote bila kuzuiwa. Kinachomlinda mtunzi hapo ni uaminifu wa mnunuzi tu.

Wengine husema, "Sisi ni maskini." Kanisa hulisikia neno hili. Namba hiyo hiyo yakiri kwamba mwenye hitaji la dharura na la wazi, kama chakula au makazi, si mwizi akitwaa kinachomwokoa ikiwa hakuna njia nyingine. Lakini gemu si mkate. Nazo kampuni zina wajibu wa kuweka bei ya haki na kutomsumbua mnunuzi mwaminifu kwa ulinzi unaomharibia matumizi; hata hivyo, kosa lao halihalalishi la kwetu.

Neno zito zaidi ni kwa wenye vibanda vya gemu, wanaotoza fedha kwa nakala za wizi. Twajua kwamba baadhi yao hulisha familia kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kujipatia faida kwa jasho la mwingine huzidisha kosa, na haki hudai fidia, kama namba 2412 inavyofundisha. Ndugu, acha leo kununua nakala hizo. Tenga sehemu ya mapato ununue diski halisi, hata zilizokwisha kutumika. Kuhusu yaliyopita, zungumza na muungamishi wako juu ya namna ya kufidia kadiri ya uwezo wako.

Nanyi wazazi, kabla ya kumkabidhi mtoto mchezo, mwulizeni umetoka wapi. Ipo michezo mingi ambayo watunzi wenyewe huitoa bure, na mingine hupunguzwa bei. Mtoto anayejifunza kungoja hadi aweze kulipa anajifunza kuheshimu kazi ya mtu asiyemwona, na uaminifu huo ataubeba hata atakapokabidhiwa ofisi, ghala au sadaka za Jumuiya.