Moto Hula Hewa

Moto hauli kuni tu. Hula na hewa pia. Ukitaka kusadiki, fanya jaribio hili jikoni, mama yako akiwapo.

Twaa vipande viwili vya mshumaa vilivyo sawa, uvisimamishe juu ya sahani, uviwashe. Kisha, kwa wakati mmoja, funika kimoja kwa bilauri ndogo, na cha pili kwa chupa kubwa yenye mdomo mpana. Tazama! Kile cha bilauri kitafifia na kuzimika kwanza. Kile cha chupa kitafuata baadaye. Utambi ungalipo, na nta ingalipo. Ni nini basi kilichopungua? Katika hewa mna kitu kiitwacho oksijeni, nacho ni kama sehemu moja katika tano. Kikipungua, moto hufa.

Elimu hii yaweza kuokoa nyumba. Mafuta yakishika moto katika kikaango, usimwage maji kamwe. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama. Nayo huchemka kwenye digrii 100, hali mafuta yawakayo hupita digrii 200. Basi hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huyarusha mafuta yenye moto hata kwenye makuti ya paa. Wala usikimbie na kikaango. Mwite mtu mzima akifunike kwa kifuniko cha chuma, auzime moto wa chini, asikifunue mpaka kipoe. Moto ule utakufa kama mshumaa wako.